Mkono wa Kabalega

Juzi mama mmoja wa Masindi aliniandikia: "Kaka, mwanangu wa darasa la sita anauliza, mkono wa Omukama uliota tena?" Nikakifungua kitabu changu cha katuni, ukurasa wa 31. Kabalega, Omukama yaani mfalme wa Bunyoro hapa Uganda, ameketi ufukweni Ushelisheli, mikono yake yote miwili juu ya magoti. Kurasa tisa nyuma, mimi mwenyewe nilikuwa nimechora mkono mmoja ukikatwa.

Usiku ule sikulala. Kitabu hicho kilinichukua miaka miwili, na hadithi yake naijua kama jina langu. Kabalega alivuka Nile, akawapiga Waingereza kwa vita vya msituni akiwa nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko akaungana na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ingawa Buganda na Bunyoro zilikuwa na uadui wa vizazi. Tarehe 9 Aprili 1899 walikamatwa pamoja. Risasi ilikuwa imeuvunja mkono wa Kabalega, ukakatwa. Wote wawili wakapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia Ushelisheli mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, lakini Bunyoro hakuiona tena. Alifia hapa kwetu Jinja, Mpumudde, jina ambalo maana yake ni "nimepumzika". Mimi hupita pale kila wiki.

Sasa nilikosea wapi? Bahari ilinivutia, nikaanza kuchora kurasa za Ushelisheli kabla ya zile za vita. Basi wewe unayetaka kuwachorea watoto historia, na najua mko wengi, chora kwa mfuatano wa miaka. Kila mhusika mwekee karatasi yake: mwaka huu ana umri gani, ana kovu gani, amevaa nini. Ibandike ukutani mbele ya macho yako. Ukiruka miaka, mwili wa mtu utakusaliti.



Kuna jambo bado linaniuma. Mchapishaji mmoja wa Kampala aliupenda mchoro wangu, kisha akaniambia niuondoe ukurasa wa mkono kukatwa. Alisema watoto wanataka sungura na fisi, damu itawatisha. Nilikataa, naye akanirudishia bahasha yangu. Nikachapa kwa pesa ya mke wangu, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani. Leo mtoto wa Masindi amehesabu mikono ya mfalme, ukurasa kwa ukurasa. Mtoto aliyetishika hasomi hivyo! Kwa hiyo usimpunguzie mtoto ukweli. Mchoree kwa heshima, usifanye maiti kuwa pambo, lakini mchoree. Na maneno unayomtia mfalme kinywani, mwambie mtoto mwanzoni kabisa kwamba ni yako, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika wakati ule. Wazee wetu walipoteza viungo na viti vyao vya enzi. Sisi tuna penseli mkononi, tutawezaje kuona uvivu wa kukagua?

Ukurasa wa 31 nimeuchora upya. Kabalega bado ameketi ufukweni, na mkono mmoja wa kanzu yake umening'inia mtupu, upepo umeuinua kidogo. Zimebaki nakala 140, na kila moja naibandikia ukurasa mpya kwa gundi. Ya kwanza imepanda basi la Masindi asubuhi hii.