Maswali ya pamba: jamani, rangi haina kosa

Nimenunua jora la marekani, nimelitia rangi ya batiki, limetoka madoamadoa. Nimeuziwa rangi feki?

Ulilifua kwanza? Hukulifua, najua, maana swali hili nalijibu mpaka nimechoka. Pamba inatoka shambani na nta yake, kila uzi umepakwa kama jani la mgomba, maji yanateleza tu, halafu kiwandani wanaongeza wanga nyuzi zisikatike wakati wa kufuma. Sasa rangi ipite wapi? Dondoshea tone la maji, likikaa juu kama shanga hapo bado. Loweka usiku kucha, asubuhi chemsha na sabuni na magadi ya kufulia kama saa nzima, suuza, dondoshea tena. Na wale mnaotumia kostiki, yaani ile soda kali (caustic soda), badala ya magadi, msiiweke kwenye sufuria la alumini, inalila na kutoa gesi inayoshika moto, na kostiki ndo inatiwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki. Glavu pia jamani.

Taulo zangu mpya laini kabisa ila hazikaushi mwili.

Acha ile dawa ya kulainisha nguo. Inaacha utando wa mafuta kwenye uzi, yani umeirudishia pamba nta waliyohangaika kuitoa.

Uzi wa kudarizi umeandikwa "mercerized". Ni polishi?

Swali zuri, hatimaye. Siyo polishi, ndo maana mng'ao hautoki ukifua. John Mercer, Mwingereza, mwaka 1844 aligundua kostiki kali inaivimbisha pamba, akapata hataza 1850, ila kitambaa kilikuwa kinanywea na watu hawakuichangamkia sana. Mwaka 1890 Horace Lowe akaivuta ikiwa humo humo ndani ya kostiki isinywee, ikang'aa kama hariri. Unyuzi wa pamba ni bapa, umejisokota kama utepe. Ukivimba unakuwa mviringo, msokoto unapungua, mwanga unarudi vizuri, na rangi inakolea zaidi. Usijaribu kwenye beseni, bila kuvutwa utapata uzi ulionywea tu.

Jiki kiasi gani ili shuka liwe jeupe pee?

Kidogo kuliko unavyofikiria. Ikimaliza doa inaendelea kuula uzi wenyewe, halafu shuka likichanika katikati mnamlaumu muuzaji. Na usichanganye na siki wala dawa ya choo, utavuta klorini.

Na polista?

Soma kichwa cha habari.