Kupima Pentax K1000 ya mtumba kabla ya kununua filamu

Ndugu, umeuliza utajuaje kama K1000, kamera ya filamu uliyonunua, ni nzima. Anza bila filamu. Shata yake (mapazia mawili ya ndani yanayopitisha mwanga kwa muda uliochagua) haihitaji betri. Ile betri ndogo moja ya chini, LR44, ni ya kipima mwanga tu. Vuta juu kitufe cha kurudishia filamu ili mlango wa nyuma ufunguke, fungua lenzi hadi mwisho, ielekeze dirishani, upige kasi zote za shata huku ukitazama kwa nyuma. Sekunde 1 ikichukua 3, mafuta ya ndani yameganda. Inayodanganya zaidi ni 1/1000: mlio unasikika sawa, kumbe pazia la pili limelifikia la kwanza, na upande mmoja wa picha utatoka mweusi. Angalia kama mwanga unaonekana fremu nzima.

Gusa spongi nyeusi za mlangoni. Zikinata kama lami, badilisha, la sivyo mwanga utapenya na kuacha michirizi kwenye picha.

Filamu ya kwanza weka ya ISO 200 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga). Juani piga tundu la lenzi f/16 kwa kasi ya 1/250. Ukivuta wenzo wa kusogeza filamu, kitufe cha kurudishia lazima kizunguke. Kisipozunguka, filamu haijashika. Na tafadhali funika lenzi ukimaliza: kipima mwanga hakina swichi, betri itaisha.