Sikudai uchakavu wa nyumba Dallas, sasa nataka kuuza

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mi ni Mtanzania, niko Dallas, Texas. Mwanzoni mwa 2015 nilinunua nyumba kwa dola 220,000 nikaipangisha, sijawahi kukaa humo hata siku moja. Sahivi nimepata mteja wa 340,000 na hela naitaka nikamalizie ujenzi Kigamboni. Anayenijazia ritani za kodi alisema tusidai uchakavu (lile punguzo la kodi la kila mwaka kwa jengo kuchakaa) ili siku ya kuuza nisikatwe sana. Niko salama? Au nifanye ile ya kubadilisha nyumba kwa nyumba nisilipe kabisa?

JIBU: Kaka, hauko salama, na nakuomba usifunge mauzo kabla hujakaa na mhasibu anayezijua nyumba za kupangisha. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, haiulizi kama ulidai uchakavu, inauliza kama ulikuwa na haki ya kudai. Ulikuwa nayo, kwa hiyo unahesabiwa kama ulidai! Maana yake miaka yote umelipa kodi ya ziada kwenye pango alafu ukiuza unalipia punguzo ambalo hukulipata. Inaniuma sana maana ushauri huu unazunguka kwa watu wetu kila siku.

Tupige hesabu ya haraka. Ardhi haichakai, tuseme ni 55,000, jengo linabaki 165,000, na nyumba ya makazi inagawanywa kwa miaka 27.5, unapata 6,000 kwa mwaka, miaka 10 ni 60,000. Gharama yako kwa macho ya IRS sio 220,000 tena, ni 160,000. Ukiuza 340,000, ukatoa dalali na gharama za kufunga kama 20,000, faida ni 160,000 (deni la benki haliingii hapa, wengi wanachanganya). Ile 60,000 ya uchakavu inakatwa mpaka asilimia 25, yaani 15,000, na 100,000 iliyobaki wengi wanakatwa asilimia 15, nyingine 15,000. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, hapo umepona, ila kipato chako cha mwaka pamoja na faida hii kikipita 200,000 kama hujaoa, au 250,000 mkijaza pamoja na mkeo, kuna asilimia 3.8 juu yake.

Sasa dawa ipo. Inaitwa Fomu 3115, unaiambatanisha na ritani ya mwaka wa mauzo na unadai uchakavu wote uliosahaulika kwa mkupuo, ile 60,000 nzima inapunguza kipato chako cha kawaida mwaka huohuo. Usikubali mtu akwambie mrekebishe ritani za nyuma mojamoja, njia hiyo kwa kawaida inaishia miaka 3 tu.

Kubadilisha nyumba kwa nyumba hakukusaidii. Nyumba ya Marekani inabadilishwa na ya Marekani, Kigamboni haihesabiki, na hela hairuhusiwi kugusa akaunti yako, inakaa kwa mtu wa kati, una siku 45 kutaja nyumba mpya na 180 kukamilisha. We unataka keshi, achana nayo.

Ukienda kwa mhasibu beba makaratasi ya siku uliyonunua, risiti za paa, eyasi na kila ulichobadilisha, na tathmini ya kaunti ya 2015, ile inatenganisha thamani ya ardhi na ya jengo.