Kompyuta inayokubali kufunguliwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili lilikuwa: unamiliki kompyuta ya chapa gani, na nini hasa kinakuridhisha nayo? Yangu ni laptopu ya ThinkPad, modeli ya T480 iliyotoka mwaka 2018. Niliinunua mtumba wa Ulaya hapa mjini Mombasa. Inaniridhisha kwa sababu walioiunda walijua kwamba iko siku itafunguliwa.

Nina saiba ndogo Majengo. Kutwa nachapa barua na kuwajazia watu fomu za serikali kwenye tovuti ya eCitizen, na ikifika Juni ni marejesho ya kodi ya KRA, ambayo mwisho wake ni tarehe 30. Siku hizo za mwisho foleni hufika nje, na stima hupotea bila kujali foleni. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nyuma. Ya nje ikiisha naichomoa na kupachika ya akiba iliyojaa chaji. Muda wote huo ile ya ndani inaishikilia mashine, na fomu ya mteja iko palepale kwenye skrini. Intaneti natoa kwenye simu. Kinacholala ni printa tu, na mteja hurudi baadaye kuchukua karatasi yake.

Kibodi nayo ni raha. Vibonye vimebonyea kidogo katikati, kidole kinajua kimekaa wapi, hivyo nachapa huku nikimtazama mzee anayenisomea barua yake. Kati ya G, H na B kuna kile kidude chekundu kiitwacho TrackPoint, cha kusogezea mshale bila kubandua mikono. Wengi hawakigusi. Mimi nakitegemea mno, hasa wakati wa kaskazi, maana kidole chenye jasho huifanya ile padi ya kugusa irukeruke.

Lakini nilipoipenda kabisa ni siku ilipofunguliwa. Ilikuwa imeanza kupata moto na feni inavuma. Lenovo, walioichukua chapa hii kutoka IBM mwaka 2005, huweka vitabu vya matengenezo mtandaoni bure. Fundi wangu, kijana wa Kibokoni, alikipakua cha T480 kwenye simu, tukafuata pamoja. Kwanza unaizima betri ya ndani kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kisha unachomoa ya nje, ndipo unalegeza skrubu za kifuniko cha chini. Skrubu hizo hazidondoki, hubaki zimeshikwa na kifuniko chenyewe. (Aliyewahi kutambaa sakafuni akitafuta skrubu ndogo kama punje ya mtama ataelewa kwa nini nalitaja hilo.) Feni ilikuwa imevaa vumbi lililogandamana kwa unyevu wetu wa pwani. Tukaisafisha, na kwa kuwa memori yake huchomeka kwenye nafasi mbili, tukaongeza kutoka GB 8 hadi 16. Kabla ya adhuhuri nilikuwa kazini.

Nasikitika kwamba baadaye kampuni yenyewe ilianza kuiacha njia hiyo. T490 ya mwaka 2019 haina tena betri ya nje, na sehemu ya memori yake imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Ni nyembamba zaidi, kweli, lakini wembamba haunisaidii stima ikipotea.

Kwa anayetaka T480, aangalie prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kabla ya kutoa pesa. Ziko zenye Intel za kizazi cha 7 na zenye cha 8, na kwa nje zinafanana. Windows 11 inakubali rasmi za kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida Oktoba 2025. Aichomoe pia betri ya nje palepale dukani huku mashine inawaka bila chaja. Ikizimika, huenda ile ya ndani imekufa, na bei ishuke.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa