Barua kwa mwanangu: ukate rufaa ya alama ya Kuandika, au urudie mtihani?

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na mama yako amerejea kutoka Mwaloni jioni hii akianza na habari zako kabla hata hajatua mzigo, kwa kuwa mchana nilikuwa nimemsomea ujumbe wako kwenye simu. Umeniuliza hivi: katika IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ulioufanya Dar es Salaam, umepata 7.5 Kusikiliza, 7.0 Kusoma, 7.0 Kuzungumza na 6.0 Kuandika, Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linataka 7.0 katika kila stadi isipokuwa Kuandika, ambako linaridhika na 6.5, umepungukiwa nusu alama mahali pamoja tu, na unataka kujua kama uombe karatasi yako isahihishwe upya au uyakubali matokeo ukajipange kuurudia. Umeongeza kwamba unataka jibu la mwalimu aliyekaa kwenye meza za usahihishaji, si la baba anayekuonea huruma. Nitajitahidi, ingawa watu hao wawili wanakaa katika kiti kimoja.

Kwanza tuondoe lisilo na faida. Wastani wa 7.0 ulioandikwa kwenye cheti chako umepatikana kwa kujumlisha alama zote nne, yaani 27.5, na kuzigawa kwa 4, ikatoka 6.875, ambayo kwa kanuni zao hupandishwa hadi 7.0. Ni wastani mzuri, lakini Baraza hilo linapima kila stadi peke yake, kwa hiyo haukufidii lolote. Vilevile usipoteze fedha kuomba Kusikiliza na Kusoma vipitiwe. Kila kimojawapo kina maswali 40 ambayo jibu lake ama ni sahihi ama si sahihi, na mahali ambapo msahihishaji hana la kupima, rufaa nayo huwa haina la kugusa. Kuzungumza umeshavuka. Kinachobaki ni Kuandika peke yake, na fomu ya maombi inakuruhusu kuchagua stadi unayotaka ipitiwe.

Sasa nikueleze ninachokijua kuhusu meza ya usahihishaji. Katika mitihani yetu ya Taifa hakuna mwalimu anayesahihisha karatasi nzima ya mtahiniwa. Kila mmoja hupewa swali lake, karatasi ikitoka kwake inapita kwa jirani mwenye swali linalofuata, na kiongozi wa meza huchukua karatasi moja moja kutoka katika bunda lililokwisha kusahihishwa, akazisoma tena kwa mwongozo uleule ili aone kama kalamu yako ni nyepesi au nzito kuliko za wenzako. Siku ya kwanza, kabla ya kazi yenyewe kuanza, wote tunasahihisha nakala za karatasi ileile na kulinganisha alama tulizotoa. Katika swali la insha sijapata kuona meza nzima ikitoa alama moja. Huyu anatoa 12, yule 14, mwingine 11, na wote ni walimu wazuri waliosoma mwongozo mmoja. Kinachotafutwa pale ni kuzisogeza zikaribiane, kwa kuwa kuzifanya ziwe sawasawa haiwezekani.

Kutokana na hayo nilijifunza kutenganisha aina mbili za makosa ambazo watahiniwa huzichanganya. Ipo alama iliyopotea: ukurasa wa nyuma haukufunuliwa, jumla imekosewa, swali limerukwa. Kosa la namna hiyo huonekana mara moja mtu wa pili akiishika karatasi, na likirekebishwa alama inaweza kuruka mbali. Na ipo alama ambayo msomaji mwingine angeitoa tofauti kidogo, si kwa sababu wa kwanza alikosea, bali kwa sababu insha haina jibu moja. Hapa kusahihishwa upya kunaweza kukupandisha hatua moja, pengine kukuacha palepale, lakini si kukuhamisha kutoka chumba hiki hadi kile. Ndiyo maana aliyepungukiwa alama moja na nusu namwambia mara moja asahau rufaa, na aliyepungukiwa nusu, kama wewe, simjibu kwa haraka. Nusu alama ni umbali ambao wasahihishaji wawili waaminifu wanaweza kutofautiana, tena kwako Kuandika kumeachwa nyuma na stadi nyingine zote kwa alama nzima au zaidi. Kwa kutazama tarakimu peke yake, ningekwambia uombe.

Lakini ujumbe wako ulikuwa na jambo lililo zito kuliko tarakimu, na ninashuku uliliandika bila kulipima. Umesema kwamba ile grafu ilikuchukua karibu nusu saa, na kwamba muda ulipokwisha ulikuwa bado unaandika aya ya tatu ya insha, hitimisho halijafika. Mwanangu, mtihani ule una dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza, ya kueleza grafu au mchoro, inataka angalau maneno 150, na wenyewe wanashauri ichukue dakika 20, ya pili, ambayo ni insha, inataka angalau maneno 250 na ndiyo inayostahili dakika 40 zilizobaki, kwa sababu uzito wake katika alama ni mara mbili ya ile ya kwanza. Wewe uliitumia nusu ya muda wako kwenye kazi yenye theluthi moja ya alama. Insha husomwa kwa vigezo 4, yaani jinsi ulivyolijibu swali, mpangilio na mtiririko wa hoja, msamiati, na sarufi. Insha iliyokatika njiani inaumia katika viwili vya kwanza hata kama Kiingereza chake kimenyooka, na chako kimenyooka. Msahihishaji mwandamizi atakayepewa karatasi yako hataonyeshwa alama ya mwanzo, kwa hiyo hatakuwa na kinyongo wala upendeleo. Atakutana na insha isiyo na mwisho, kama alivyokutana nayo mwenzake.

Ukinitaka niseme kwa kalamu nyekundu mkononi, basi: 6.0 hiyo inafanana sana na maelezo yako mwenyewe. Ungeniambia kwamba ulimaliza, ukasoma tena ulichoandika na kubaki na dakika za kurekebisha vituo, ningekuhimiza kesho asubuhi uende kwenye kituo chako cha mtihani kuchukua fomu.

Umenitajia pia matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ya kundi la kaka yako, ukasema kama Taifa zima liliweza kubadilishiwa matokeo, wewe mmoja utashindwaje. Ni kweli kwamba matokeo yale yalipotangazwa Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri, na ni kweli kwamba Mei ya mwaka huohuo Serikali iliyafuta, baada ya tume iliyoundwa na Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, kutoa mapendekezo yake ya awali. Lakini kilichobadilishwa hakikuwa hukumu ya msahihishaji juu ya karatasi ya mtoto fulani. Kilichobadilishwa ni utaratibu wa kuzipanga alama katika madaraja, ukarudishwa ule uliotumika mwaka uliotangulia, na ndipo matokeo mapya yakatoka. Lile lilikuwa swali la kanuni, na lilimhusu kila aliyefanya mtihani. Lako ni swali la karatasi moja.

Mama yako hakubaliani nami, na ni haki ulisikie neno lake. Yeye hajawahi kukubali gunia lake la dagaa lipimwe mara moja tu, na anasema ulipe wapime tena, hasa kwa vile alama ikipanda fedha ya rufaa inarudishwa. Hoja hiyo ina nguvu, na kama ungekuwa na fedha za kutosha kukata rufaa na papo hapo kulipia mtihani mwingine, nisingekuzuia kufanya yote mawili. Wasiwasi wangu ni kusubiri. Maombi yanapokelewa ndani ya wiki 6 tangu siku ya mtihani, na jibu linaweza kuja baada ya siku chache au likafika siku ya 21. Nakufahamu, siku zote hizo hutashika kalamu, utakuwa ukifungua barua pepe. Tena jibu likija halitakuja na maelezo wala karatasi yako, ila alama tu. Kama ni ileile utakuwa umepoteza fedha, umepoteza karibu mwezi, na bado hujui ni aya ipi iliyokuangusha.

Kuna njia ambayo hukuitaja, na ndiyo ninayoipendelea. Baraza hilo la wauguzi linakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili Kusoma, Kusikiliza na Kuzungumza visishuke chini ya 6.5, na Kuandika kusishuke chini ya 6.0. Pima matokeo yako kwa kipimo hicho uone: yamepita yote, na Kuandika kumegusa mstari bila kuuvuka kwenda chini. Maana yake ni kwamba ukirudia, hulazimiki kupata tena 7.0 katika zile stadi tatu. Unahitaji 6.5 ya Kuandika, na hizo nyingine zisianguke chini ya 6.5. Huo ni mtihani mwepesi kuliko ule uliokwisha kuufanya. Hata hivyo, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya Baraza, usome masharti ya kuunganisha kama yalivyo siku hiyo, kwa sababu masharti ya namna hii hurekebishwa na wewe ndiye utakayejaza fomu. Ule utaratibu wa kurudia stadi moja tu haukuhusu, kwa kuwa ni wa waliofanyia kwenye kompyuta na wewe ulitumia karatasi. Na rafiki yako anayekushauri uhamie OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, kwa hoja kwamba kule muuguzi anaandika barua kuhusu mgonjwa, hasemi vibaya, Baraza linaupokea; ila ungeanza upya stadi zote nne ilhali tatu unazo mkononi.

Kuhusu maandalizi nitakuwa mfupi, maana tatizo lako si Kiingereza. Tangu uhitimu pale Bugando umekuwa ukiandika taarifa za zamu: sentensi fupi, vifupisho, saa, kipimo cha presha, dawa iliyotolewa. Ni uandishi mzuri wa wodini na sitaki uuache, lakini ndio uliokufanya uikwangue ile grafu tarakimu baada ya tarakimu kana kwamba unakabidhi wagonjwa, wakati ilikutaka useme mwelekeo mkuu na kulinganisha vichache. Mtihani ujao anza na insha. Hakuna kanuni inayokulazimisha kuanza na kazi ya kwanza. Tenga dakika 5 za kupanga hoja mbili, andika, na hitimisho liwe sentensi mbili ambazo utaziandika hata kama aya iliyotangulia haijakupendeza. Kisha geukia grafu na kilichobaki. Kama kituo kina nafasi ya kompyuta, ichukue, kwa kuwa unachapa haraka na idadi ya maneno utaiona kwenye kioo.

Kila Jumapili ukiwa huna zamu, kaa dakika 60 kamili na saa mbele yako, andika kazi zote mbili, zipige picha unitumie. Nitazisoma kwa vigezo vyao vinne, si kwa vyangu, na nitakupa alama bila kuuliza ulikuwa umechoka kiasi gani. Tukiona insha mbili mfululizo zimefika 6.5 kwa jicho langu la ubahili, lipia mtihani.

Ukishayasoma haya ukaona bado moyo wako uko kwenye rufaa, kata rufaa. Ni jina lako lililo kwenye cheti, na sitakulaumu kama jibu litakuwa lilelile. Ila soma masharti yote ya fomu kabla ya kusaini, weka alama kwenye Kuandika peke yake, na hesabu wiki zako 6 kuanzia siku uliyofanya mtihani, si siku uliyopokea matokeo, maana matokeo ya karatasi yalishakula karibu wiki 2 za mwanzo. Nijulishe kabla ya Ijumaa. Mama yako amekwisha kutenga fedha ya kukutumia kwa simu, na ameapa kwamba hatatuma mpaka ajue analipia rufaa au analipia mtihani.

Wako akupendaye,
Baba