Jozi nne Lamu, bila kukimbizana

Dada, umesema mko jozi nne za wanandoa na mnataka siku tano za kupumzika Lamu. Kodini nyumba nzima yenye mpishi kijijini Shela, hapo hapo kisiwani Lamu. Asubuhi anunue samaki kwa wavuvi, mchana mle pamoja samaki wa kupaka, tui bado linachuruzika, kisha kila mtu na mwenzake ufukweni au usingizini. Safari pangeni moja tu: mashua hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mkubaliane na nahodha saa kwanza, maana mkondo wa mikokoni hupitika maji yakijaa. Aprili na Mei ni masika, ziacheni. Pesa za chakula changeni mapema, ashike mmoja. Sisi tulihesabiana usiku wa mwisho, tukaagana tumenuniana.