Kisakinishi Chako Kibebe Maktaba Zake

Programu ya kwanza niliyoitoa kwa watu ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta zote za timu yetu. Ilipofika kwa mtumiaji wa kwanza haikufunguka kabisa. Windows ilimwambia tu kwamba VCRUNTIME140.dll haipo, yaani mojawapo ya maktaba za C++ za Microsoft, faili za DLL zenye msimbo unaotumiwa na programu nyingi. Sisi tulikuwa na Visual Studio, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, ambayo huja na maktaba hizo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuliona pengo. Kilichoniuma zaidi ni kusikia kwamba mtu huyo aliitafuta faili hiyo mtandaoni, akaipakua kwenye tovuti asiyoijua, kisha akaibandika ndani ya System32, folda ya mfumo wa Windows. Nilimsukuma ahatarishe kompyuta yake, na hilo halijanitoka.

Basi wewe unayeanza kutengeneza visakinishi vya Windows, usiiamini kompyuta unayoandikia msimbo. Weka mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) yenye Windows mpya isiyo na kitu kingine, ihifadhi ilivyo, na uirudishe katika hali hiyo kabla ya kila jaribio. Amri ya dumpbin /dependents itakuonyesha DLL ambazo programu yako inazihitaji, lakini haionyeshi zile zinazoitwa programu ikiwa tayari inaendesha. Ukitumia Qt, mkusanyiko wa maktaba za kutengenezea madirisha ya programu, kwa mfano, hutaiona qwindows.dll kwenye orodha hiyo, na bila faili hiyo ndani ya folda ya platforms hakuna dirisha litakalofunguka. Kwa Qt, tumia zana yake ya windeployqt ikukusanyie. Na ukikutana na jina kama MSVCP140D.dll, simama hapo hapo: herufi D ya mwisho ina maana umejenga toleo la kutafutia hitilafu, na leseni hairuhusu kuisambaza maktaba hiyo.

Kuhusu namna ya kuzibeba, unaweza kuziunganisha moja kwa moja ndani ya programu kwa chaguo la kompaila /MT (kompaila ndiyo inayogeuza msimbo kuwa programu), kuziweka DLL kando ya faili yako ya EXE, au kuambatanisha kifurushi rasmi cha Microsoft, vc_redist, kisakinishi chako kikiendeshe. Mimi huchagua hicho cha mwisho. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, maktaba iliyowekwa kwenye mfumo husasishwa mara moja tu na programu zote zinazoitumia zinanufaika. Nakala iliyo kwenye folda yako hubaki vilevile mpaka utoe toleo jipya. Ila vc_redist huhitaji haki za msimamizi. Kama watumiaji wako hawana haki hizo, weka nakala kando ya programu, na ukubali kwamba kuzisasisha ni kazi yako.

Maktaba za matoleo ya Visual Studio ya 2015 hadi 2022 ni za ukoo mmoja, kwa hiyo kifurushi kimoja kipya kinatosha yote. Sharti ni kwamba kisiwe cha zamani kuliko kompaila uliyojengea. Mwaka 2024 Visual Studio 2022 ilibadilisha namna std::mutex, kufuli ya C++ inayozuia sehemu mbili za programu kugusa data ileile kwa pamoja, inavyoanzishwa, na programu zilizojengwa kwa toleo hilo jipya zikawa zinaanguka zikikutana na msvcp140.dll ya zamani. Wengine walikuwa wameweka kifurushi kipya kabisa, lakini nakala kuukuu ilikuwa imesahaulika ndani ya folda ya programu, na Windows hutazama hapo kwanza.

Angalia pia biti. Programu ya biti 32 inataka kifurushi cha x86 hata kwenye Windows ya biti 64. Ukiona kosa 0xc000007b, aghalabu DLL za biti 32 na 64 zimechanganyika.

Sasa sehemu inayowaangusha wengi. Kifurushi huendeshwa kimyakimya kwa /install /quiet /norestart, kisha hurudisha namba. Sifuri ni mafanikio, na mgeni huandika kwamba namba nyingine yoyote ni kushindwa. Lakini 3010 ina maana kazi imekamilika ila kompyuta inahitaji kuwashwa upya, na 1638 ina maana toleo jipya zaidi limeshawekwa. Niliwahi kukataa 1638, na kisakinishi kikawa kinagoma kwenye kompyuta zilizokuwa na kila kitu, huku kikipita kwenye mashine yangu tupu ya majaribio. Ukipata mojawapo ya namba hizo mbili, kisakinishi chako kiendelee. Kwa 3010 mwombe mtumiaji awashe upya, usimzimie kompyuta akiwa kazini. Kwa 1618, usakinishaji mwingine unaendelea, kwa hiyo subiri kisha ujaribu tena.

Programu yako ikiondolewa, ondoa ulivyoleta vya kwako na uiache vc_redist ilipo, maana huwezi kujua ni programu ngapi nyingine zinaitegemea. Kabla ya kutoa toleo, weka kwenye mashine pepe programu nyingine inayotumia maktaba hizo, sakinisha yako, iondoe, kisha uifungue ile nyingine uone kama bado inawaka.